Si kila ganzi ya mwenye kisukari imeletwa na sukari

"Daktari, ganzi hii ni ya sukari, nimeshaambiwa." Mgonjwa hunieleza hivyo kabla hata hajavua viatu, nami hukereka, si kwa sababu amekosea kabisa, kwani sukari iliyopanda kwa miaka mingi ndiyo inayoongoza kwa kuharibu neva za miguu, bali kwa sababu jibu hilo huzuia kutafutwa kwa visababishi vingine vinavyotibika.

Metformini, dawa ya kisukari inayomezwa na wagonjwa wengi, hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 mwishoni mwa utumbo mwembamba. Kwa kuwa ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, upungufu hauonekani mapema. Huja kimyakimya kwa anayemeza dozi kubwa, tuseme gramu 2 kwa siku, mwaka baada ya mwaka, na huwa mbaya zaidi kwa asiyekula vyakula vitokanavyo na wanyama au anayetumia pia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kila siku. Dalili zake hufanana mno na zile za sukari: ganzi, kuchomwachomwa, nyayo kuwaka moto. Ninapogusisha kidole gumba cha mguu uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, na mgonjwa aliyefumba macho asihisi kitu, uzi huo hauniambii kama mharibifu ni sukari au ni ukosefu wa B12. Damu ipimwe kiwango cha B12. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri kipimo hicho kwa kila mtumiaji wa metformini mwenye dalili za upungufu. Wala isisubiriwe anemia, yaani upungufu wa damu, kwa maana neva huweza kuumia wingi wa damu ukiwa bado wa kawaida, hasa kwa anayemeza asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kutengeneza damu.

Wengine wakisikia haya huacha metformini. Hilo ni kosa: sukari ikipanda, neva zitaharibika vilevile, ilhali B12 hurudishwa kwa sindano au vidonge na dawa ikaendelea.

Mchicha na matembele ni mboga nzuri, lakini hazina B12. Dagaa, ini na mayai vinayo.

Vidonge "vya neva" navyo hununuliwa dukani kama njugu. Baadhi hubeba miligramu 100 au 200 za vitamini B6 kila kimoja, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zilezile. Hata hivyo, mwenye kisukari anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu huihitaji B6, ila kwa kipimo cha miligramu 10 hadi 50 kwa siku.

Sijataja pombe, ambayo wagonjwa wangu huikumbuka mwishoni kabisa, wala kazi ya kuyeyusha betri chakavu, inayomwingizia mtu madini ya risasi mwilini. Kwa hiyo siridhiki na kadi ya kliniki peke yake. Naomba niletewe mfuko mzima wa dawa, pamoja na ule unga wa mitishamba usio na lebo.