Je, wajua kwa nini uchovu wa kemo hauishi kwa kulala?

Dripu ya mwisho ya kemo, yaani dawa za saratani, imekwisha. Nywele zinaanza kuchipua, chakula kimeanza kuwa na ladha, majirani wanapita kutoa pole na hongera kwa pamoja. Lakini mgonjwa akitoka kuoga, inabidi akae kitandani kwanza, aheme kidogo, ndipo ajifunge kanga. Amelala usiku kucha na ameamka kachoka kuliko alivyolala. Ndugu wanaanza kunong'ona: huenda ugonjwa umerudi. Wasio na haya wanasema amezoea kuhudumiwa.

Mara nyingi si hili wala lile. Uchovu ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida kabisa ya watu wanaotibiwa saratani kwa dawa za kemo, na kwa baadhi yao hudumu miezi mingi baada ya tiba kwisha, hata miaka. Nao si uchovu tuliouzoea. Aliyeshinda shambani akilala, asubuhi amepona. Huyu hulala, na asubuhi uchovu bado umemkalia kifuani.

Kwa nini? Kemo huwinda seli zinazogawanyika kwa kasi, maana saratani ndivyo ilivyo. Bahati mbaya, seli za uboho ulio ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa, nazo hugawanyika kwa kasi, kwa hiyo hupigwa pamoja na adui. Damu ikishuka, oksijeni inayofika kwenye misuli hupungua. Kwetu huku malaria na minyoo huongeza chumvi kwenye kidonda hicho hicho. Halafu mwili uliopigana vita hivyo huendelea kutoa kemikali za kinga, zile zile zinazomfanya mwenye homa ajifunike shuka na asitake kusemeshwa na mtu. Usingizi nao huharibika: deksamethasoni, dawa inayotolewa sana pamoja na kemo ili kuzuia kutapika, inaweza kumwacha mtu macho wazi hadi alfajiri. Ongeza kukosa hamu ya kula, hofu ya majibu ya vipimo, na hesabu za nauli ya kwenda kliniki.

Lakini kuna sababu moja tunayoitengeneza wenyewe, tena kwa upendo. Ni kitanda.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa wiki tatu. Hawakuwa wagonjwa; watafiti walitaka tu kuona kitatokea nini. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wakatafutwa na kupimwa tena. Ikaonekana kwamba miaka yote hiyo ya kuzeeka ilikuwa imewapunguzia nguvu kidogo kuliko zile wiki tatu za kulala. Sasa fikiria mama wa miaka 55 aliyekwishapigwa na kemo, ambaye kwa miezi sita wifi zake hawamruhusu hata kujimiminia chai.

Nguvu za mwili ni kama pesa mfukoni. Mwenye shilingi elfu kumi akitoa elfu moja hasikii kitu. Mwenye elfu moja na mia tano akitoa hiyo elfu moja, amebaki na nauli tu. Kuoga kunagharimu kile kile kwa wote wawili. Tofauti ni mfuko. Misuli isiyotumika hunywea, moyo usiochapuka hupoteza uhodari wake wa kusukuma damu, na mfuko unazidi kupungua. Basi anachoka zaidi, anapumzika zaidi, na mfuko unapungua tena.

Madaktari wenyewe zamani waliamini mapumziko ndiyo dawa. Miaka ya 1980, muuguzi mtafiti Maryl Winningham na wenzake katika Chuo Kikuu cha Ohio State waliwapandisha baiskeli za kufanyia mazoezi ndani ya chumba wanawake waliokuwa wakitibiwa kwa kemo kwa ajili ya saratani ya matiti, mara tatu kwa wiki kwa wiki kumi. Wakati ule lilionekana wazo la ajabu. Wanawake wale walitoka na nguvu zaidi. Mwaka 2017 jarida la JAMA Oncology lilichapisha uchambuzi wa majaribio 113 yenye washiriki zaidi ya 11,000: mazoezi, pamoja na ushauri wa kisaikolojia, yalipunguza uchovu huu kuliko dawa zilizojaribiwa kwa kazi hiyo.

Kinachofanyika ndani si uchawi. Msuli unaotumika huongeza mitokondria, yale majiko madogo ndani ya seli yanayogeuza chakula kuwa nguvu. Moyo hujifunza tena kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Usingizi hutulia, na moyo ule mwingine, wa huzuni na raha, nao hupata nafuu.

Wataalamu hupendekeza kufikia dakika 30 za mwendo wa wastani mara tatu kwa wiki, kwa angalau wiki 12. Usianze huko, tafadhali. Anza na dakika tano: toka mlangoni hadi kwenye mwembe, rudi. Nenda asubuhi kabla jua halijakaza, hasa pwani. Kipimo cha kasi ni mdomo wako: uweze kuzungumza na unayetembea naye, lakini usiweze kuimba. Nyumbani, egemeza kiti ukutani kisiteleze, kaa na simama mara tano bila kushika kitu, pumzika, rudia. Wiki ijayo ongeza dakika mbili au tatu.

Siku mbaya zaidi huwa ni chache za mwanzo baada ya dripu. Hizo punguza, lakini usilale moja kwa moja. Siku za hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni zile nzuri. Mtu anaamka mwepesi, anafua, anapika, anakwenda sokoni, kisha analala siku tatu na kuapa kwamba mazoezi hayamfai. Hakufanya mazoezi huyo, alilipa madeni yote kwa siku moja.

Kabla ya kuanza, muulize daktari wako damu iko ngapi, yaani kipimo cha hemoglobini. Ikiwa chini ya 8, zungumza naye kwanza. Huenda kinachohitajika ni kuongezewa damu. Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, aina ya mazoezi ichaguliwe na mtaalamu wa fiziotherapia, maana mfupa dhaifu huvunjika kwa jambo dogo. Ganzi miguuni, ambayo huletwa na baadhi ya dawa za kemo, maana yake ni viatu vya kufunga na njia isiyo na mashimo. Joto la mwili likifika 38, au ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukata ghafla, mguu mmoja kuvimba, au damu kutoka bila sababu, acha matembezi, nenda hospitali mara moja.

Limebaki suala la ndoo. Wanawake waliofanyiwa upasuaji wa titi huambiwa wasibebe kitu kwa mkono wa upande ule, usije ukavimba. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwishavimba. Walionyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakisimamiwa na wakivaa soksi maalumu ya kubana mkono, hawakuvimba zaidi kuliko wenzao wasionyanyua. Ila walianza na uzito mdogo sana na kupanda polepole. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 isubiri. Anza na chupa ya maji ya nusu lita, baada ya wiki kadhaa ya lita moja, kisha kidumu cha lita tatu, na mkono ukianza kujaa au kuwa mzito, rudi kwenye chupa na ukamwonyeshe daktari.