Mfupa Uliogeuka Jiwe Usichimbuliwe kwa Jembe

Kila mvua za masika zinapomomonyoa makorongo ya Lindi, huchomoza vipande vya mifupa ya mijusi wa kale, na kila mara huwapo watu wanaoshika jembe kabla ya kushika njia ya ofisi ya kijiji. Wengi hawana nia mbaya. Wamesikia tu kwamba Mjerumani alifukia mali, na hutuuliza kama rupia zake, yaani fedha za enzi hizo, bado zimo ardhini. Kati ya 1909 na 1913, wataalamu wa Kijerumani Werner Janensch na Edwin Hennig, pamoja na mamia ya vibarua chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, walichimbua katika kilima cha Tendaguru, huko Lindi, zaidi ya tani 200 za mifupa, ambayo wapagazi waliibeba hadi bandari ya Lindi ili ipelekwe Berlin. Miongoni mwake ni ya Giraffatitan, mjusi mla majani wa miaka milioni 150 iliyopita, ambaye kiunzi chake kina kimo cha zaidi ya mita 13. Walichofuata pale ni mifupa, si rupia, na tungeomba swali hili lisirudiwe.

Mfupa wa kale uliogeuka jiwe ni mzito kama jiwe lenyewe, ila palipovunjika mara nyingi huonyesha vitundu vidogo vidogo mithili ya sifongo. Namna ulivyolala nayo ni ushahidi. Tendaguru iliwahi kukutwa mifupa ya mguu ikiwa imesimama wima, ishara kwamba mnyama alinasa matopeni akafia hapo. Lau mtu angeing'oa na kuilaza barazani kwake, habari hiyo ingepotea moja kwa moja.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, anayegundua masalia hayo anatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa kwa ofisa wa serikali au kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Kuchimba bila leseni ni kosa, na kusafirisha nje ya nchi bila leseni ni kosa jingine linalojitegemea. Leseni ya kuchimba haimpi mtu ruhusa ya kusafirisha. Anayetiwa hatiani anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Shamba kuwa lako hakukuondolei wajibu huo.

Mkiona mfupa, chomekeni mti wa alama pembeni, si juu yake. Kipande kilichokwisha kuokotwa na watoto kisirudishwe kwa kubahatisha: kifungeni katika kitambaa kikavu, na mtoto aliyekiokota aje nacho mnapotoa taarifa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kilitoka ukingo upi wa korongo.