Je, wajua kwa nini utomvu wa mshubiri huharisha, ilhali ute wake hauna uchungu?

Ukilikata jani la mshubiri na kulisimamisha, kinachotangulia kutoka ni utomvu wa manjano unaochuruzika chini kidogo ya ganda, na ndio huo uliozaa usemi wa "chungu kama shubiri". Ute mwororo unaong'aa katikati ya jani hauna uchungu wa kutajika. Vyote viwili hukaa katika jani moja, lakini kemia zake hazifanani, na kuvichukulia kuwa dawa moja ni hatari.

Jenasi ya Aloe ina spishi zaidi ya 500, na nyingi miongoni mwake hubeba katika utomvu kemikali za jamii ya antrakwinoni, ambazo maarufu zaidi ni aloini. Molekuli ya aloini imebeba sukari ya glukosi iliyoungana nayo kaboni kwa kaboni, si kupitia oksijeni kama ilivyo katika kemikali nyingi za mimea zenye sukari, na kiungo hicho ni kigumu kiasi kwamba vimeng'enya vya utumbo mwembamba havikiwezi. Kwa hiyo aloini husafiri hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria waishio humo huing'oa ile sukari, na kinachobaki huchochea misuli ya utumbo na kuzuia maji yasifyonzwe kurudi mwilini. Ndiyo maana mtu aliyemeza shubiri huanza kuharisha baada ya saa 6 hadi 12, wala si papo hapo. Napenda kusisitiza kwamba, kwa hakika, bila bakteria hao aloini isingefanya kazi hiyo.

Ute, kwa upande wake, ni maji kwa takriban asilimia 99. Utelezi wake unatokana hasa na asemanani, mnyororo mrefu wa sukari unaoshika maji.

Mwaka 2002 Marekani iliagiza dawa za kulainisha choo zenye shubiri zinazouzwa bila cheti cha daktari ziondolewe sokoni, kwa kuwa watengenezaji hawakuwasilisha ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Baadaye panya walionyweshwa dondoo ya jani zima isiyosafishwa walipata uvimbe wa saratani katika utumbo mpana. Kwa sababu hiyo watengenezaji makini wa vinywaji vya mshubiri huchuja maji ya jani kwa mkaa maalumu unaonasa aloini.