Brandi si mvinyo uliokaa

Brandi ni pombe kali inayopatikana kwa kukeneka mvinyo. Mvinyo unachemshwa, mvuke unakingwa na kupozwa, na kinachodondoka ndicho brandi. Jina likisimama peke yake huwa ni ya zabibu. Ikiwa ni ya tunda jingine, tunda hilo hutajwa. Maana ni hiyo, wala haina ugumu.

Kinachonisumbua ni kauli ninayoisikia harusini, madukani, na hata kwa wauzaji wa vinywaji: kwamba brandi ni mvinyo uliohifadhiwa miaka mingi mpaka ukawa mkali. Mvinyo haupati ukali kwa kukaa. Chachu inakula sukari iliyomo kwenye mchuzi wa zabibu na kutoa alkoholi. Sukari ikiisha, au alkoholi ikifika kiwango ambacho chachu yenyewe haiwezi kukistahimili, mara nyingi asilimia 14 au 15, kazi inakoma. Baada ya hapo uweke mvinyo huo chini ya ardhi miaka 50, ukali wake hautaongezeka. Ukiingiwa na hewa utageuka siki.

Ukali unaletwa na moto, na jina lenyewe linasema hivyo. Waholanzi waliokuwa wakinunua mvinyo katika bandari za magharibi mwa Ufaransa waliita kinywaji hiki brandewijn, yaani mvinyo uliochomwa. Waingereza wakalichukua na kulikata likawa brandy, nasi tukapata brandi. Kabla ya Waholanzi watu wa kusini mwa Ufaransa walikuwa wakisema maji ya moto, na ni kwa jina la namna hiyo Vital du Four, mtawa wa Kifransisko aliyekuja kuwa kardinali, alikisifu mwaka 1310 kama dawa yenye faida 40. Katika majina yote hayo hakuna linalotaja umri.

Mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi ni Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye mashamba ya familia yanayotengeneza brandi ya huko iitwayo Armagnac. Zabibu huvunwa Septemba na Oktoba. Ni zabibu nyeupe: Ugni Blanc, Folle Blanche, Colombard, na Baco 22A, chotara aliyezalishwa na mwalimu wa shule François Baco mwaka 1898, baada ya wadudu wa filoksera kuteketeza mizabibu ya Ufaransa. Mvinyo unaotoka hapo ni mchachu na mwepesi, asilimia 8 hadi 10 hivi, na hautiwi salfa ya kuuhifadhi, kwa sababu moto ungeikoleza salfa hiyo na kuharibu harufu. Kwa hiyo mvinyo wa kutengenezea brandi haungojei chochote. Unatakiwa kukenekwa ukiwa mbichi, majira hayo hayo ya baridi, na sheria ya Armagnac inafunga kazi hiyo tarehe 31 Machi. Anayedhani brandi huanza na mvinyo mkongwe amepindua mambo kabisa.

Wakulima wengi huko hawana mtambo wao. Mtambo ndio unaowafuata, umefungwa juu ya magurudumu, unavutwa kwa trekta kutoka shamba hadi shamba, na fundi wake hukaa hapo usiku na mchana akichochea kuni mpaka mvinyo wa familia uishe. Waliowahi kuona gongo ikipikwa watautambua mara moja: chungu, moto, bomba la mvuke, kitu cha kupoozea. Tofauti iko kwenye mnara wa shaba uliosimama juu ya chungu. Mvinyo baridi unapita kwanza kwenye tangi lenye bomba lililojizungusha, unaupoza mvuke ulio ndani ya bomba hilo na wenyewe unapata joto, kisha unashuka ndani ya mnara sahani kwa sahani. Mvuke unapanda kutoka chini ukitokota katikati ya mvinyo unaoshuka, na hapo unabeba harufu ya zabibu. Kinachotoka, kwa kawaida kati ya asilimia 52 na 60, kimepita mara moja tu. Konyaki, brandi ya eneo la mji wa Cognac, jirani yake wa kaskazini, hupikwa mara mbili. Piga hesabu: lita 100 za mvinyo wa asilimia 9 zina lita 9 za alkoholi, kwa hiyo haziwezi kutoa zaidi ya lita 16 hivi za brandi ya asilimia 55. Sehemu kubwa ya kazi ya mwaka mzima shambani imeachwa chini ya chungu.

Na kinachotoka ni cheupe kama maji. Rangi ile ya kahawia, ambayo wengi huitumia kuitambulisha brandi, ni ya mti. Armagnac mbichi hutiwa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 400 hivi, kwanza mapya, halafu huhamishiwa kwenye ya zamani ili mti usiizidi. Hapo ndipo miaka inapoingia, na inafanya kinyume cha inavyosemwa. Pipa linapumua, sehemu ya kinywaji inapotea hewani, ile ambayo Wafaransa huiita fungu la malaika, na katika ghala lenye unyevu ukali unashuka mwaka hadi mwaka. Brandi kongwe ni laini kuliko ilivyokuwa siku iliyozaliwa.

Sikatai kwamba umri una nafasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu jina la brandi mpaka kinywaji kikae kwenye mwaloni angalau mwaka 1, au miezi 6 kama pipa ni la chini ya lita 1,000. Lakini kinachokaa humo ni kile kilichokwisha kukenekwa.

Kuna mkanganyiko mwingine, mdogo. Grappa ya Italia, chacha ya Georgia na tsikoudia ya Kreta hutengenezwa kwa machicha, yaani maganda na mbegu zilizobaki baada ya zabibu kukamuliwa. Sheria hiyo hiyo inaziweka kwenye kundi lake, mbali na brandi, na kuziita takataka ni kuzikosea adabu, kwa kuwa harufu nyingi ya zabibu imo kwenye ganda. Konyagi yetu nayo imechukua jina la mji wa Cognac bila kuchukua zabibu. Chanzo chake ni muwa. Mwenye kuipenda aendelee kuipenda, ila asiihesabu kuwa brandi.

Basi ukikutana na mtu anayejivunia chupa ya brandi aliyoiweka kabatini miaka 20 akiamini inazidi kuiva, mweleze kwa upole kwamba pipa ndilo linaloivisha, chupa haina uwezo huo. Huko Gascony, wakulima wakiona Armagnac imeiva vya kutosha huitoa kwenye pipa na kuihamishia kwenye madumu makubwa ya kioo ili isiendelee kubadilika. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni wa mavuno. Iliyokaa miaka 12 kwenye mwaloni kisha ikatiwa kwenye chupa ina miaka 12, hata akiifungulia wajukuu.