Si Kila “Kama” ni Tashbiha: Dhana Potofu Kuhusu Tamathali za Semi

Dhana iliyoota mizizi zaidi miongoni mwa wanafunzi wa sekondari hapa Mbeya ni kwamba penye neno “kama” pana tashbiha. Ukweli ni kwamba tashbiha hulinganisha vitu vya jinsi tofauti vinavyokutana katika sifa fulani. “Kama mvua itanyesha, hatutachimba viazi” ni sharti tu, na “Dada ni mrefu kama mama” ni ulinganisho wa kawaida, kwa kuwa wote ni watu na kimo chao hupimika. Lakini ukiandika “Ukungu wa Uyole ulikuwa mzito kama blanketi”, umetunga tashbiha. Ondoa “kama”, useme “Ukungu ni blanketi la Uyole”, nayo inageuka sitiari, yaani kitu kimeitwa kingine moja kwa moja, bila neno la kulinganisha. Sema “Ukungu ulitukumbatia tangu alfajiri”, na kwa kuwa umeupa mikono ya binadamu, hiyo ni tashihisi. Ukungu ni uleule. Kilichobadilika ni namna maana inavyobebwa, na hilo ndilo la kueleza katika jibu, badala ya kutaja jina la tamathali na kuliacha likielea.

Wengine hudhani tamathali, yaani mbinu hizi za kusema jambo kisanaa, ni pambo la washairi, lisilo na nafasi katika mazungumzo ya kila siku. Dhana hii hunisikitisha, maana humfanya mwanafunzi asione utajiri anaoishi ndani yake. Jiwe la Gangilonga, linalotazama mji wa Iringa, limepewa jina la Kihehe lenye maana ya jiwe linalosema: ni tashihisi iliyomo katika jina la mahali. Uwanda wa Kitulo, maarufu kwa maua yake ya msimu wa mvua, wenyeji huuita Bustani ya Mungu, nayo ni sitiari.

Mubaalagha, yaani kutia chumvi, nayo si uongo, kwa kuwa anayesema amelia machozi ya kujaza kisima hatarajii kuaminiwa. Anataka uzito wa huzuni yake uonekane.

Kuhusu takriri, si kila neno linalojirudia linahusika. “Polepole” ni neno moja la kawaida katika sarufi yetu. Takriri hurudia kwa makusudi ya kisanaa: “Tulipanda, tulipanda, tulipanda, na kilele cha Loleza bado kilikuwa juu yetu,” ambapo marudio yenyewe humchosha msomaji miguu.