Hodi Ziwani: Nani Mwenye Kambi kwenye Boundary Waters?

Boundary Waters ni pori la maziwa lenye zaidi ya ekari milioni 1, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mpakani na Kanada. Kati ya Mei 1 na Septemba 30, kundi linalotaka kulala humo hupewa kibali chenye tarehe ya kuingia na mlango wa kuingilia. Wageni wengi hudhani kibali hicho kinawapa na mahali pa kulala. La hasha. Ukishapita mlangoni, kila usiku unalala kwenye kambi utakayoikuta wazi.

Kambi zilizotengwa ni zaidi ya 2,000. Utaitambua kwa vitu viwili: jiko la chuma lenye wavu lililokazwa ardhini, na choo cha shimo kisicho na kuta, nyuma kule mitini. Pasipo na vitu hivyo hapalaliwi, hata mwamba uwe tambarare namna gani.

Kanuni ya kambi ni fupi: aliyetangulia kufika ndiye mwenyeji. Ugomvi huanzia kwenye maana ya kufika. Kwa maoni yangu, kufika ni kushuka na mizigo yako ukiwa umeamua kulala hapo usiku huo. Ukilala hapo leo, kesho ukaacha hema na kwenda kuvua samaki kutwa nzima, kambi bado ni yako. Lakini kushusha begi moja ufukweni kisha kuendelea kutafuta kambi nzuri zaidi ni sawa na kurusha mkoba kwenye dirisha la daladala: unawanyima nafasi watu waliokwisha kufika, wengine wakiwa hoi. Ukitaka kutafuta bora zaidi, pakia vyote uondoke, na ukirudi ukakuta wenzako wameingia, kubali. Vivyo hivyo kusimamisha hema tupu kwa ajili ya rafiki atakayefika kesho.

Vipi kuhusu mtumbwi wa kutangulia? Hapa napima kwa umbali. Ikiwa mitumbwi yenu miwili iko kwenye ziwa moja, mmoja ukavuka ghuba kukagua kambi kisha mtu akainua kafi juu kuashiria ni wazi, hakuna ubaya, mnaokoa nguvu. Kuwatuma vijana wawili wenye mtumbwi mwepesi watangulie kundi zima kwa muda wa saa tatu, wakalie kambi huku wenye watoto na mizigo wanapitwa njiani, hilo silikubali.

Tatizo kubwa hata hivyo ni saa. Anzeni kutafuta kambi saa saba au saa nane mchana, hasa Julai na Agosti. Maziwa ya karibu na mlango hujaa kwanza, kwa sababu wanaoingia huchoka hapo na wanaotoka hulala hapo usiku wa mwisho. Ghuba zisizo na njia ya kupitia kwenda ziwa jingine huchelewa kujaa. Isitoshe, kwenye maziwa makubwa upepo huongezeka mchana. Atakayekuwa bado anazunguka saa kumi jioni atalazimika kupiga kafi dhidi ya mawimbi ili akague kambi ya nne.

Nawe uliyekwisha pata, jionyeshe. Weka mtumbwi au turubai lenye rangi kali upande wa ziwa, ili anayetafuta akuone toka mbali asikatize ziwa bure. Mpita njia naye akishaona hema, apite kwa mbali.

Giza likiingia, au radi ikianza, na kambi zote zimejaa, piga hodi ungali majini. Eleza mko wangapi, subiri jibu, usikanyage ufuko kabla ya kukaribishwa. Kabla ya kukubaliana kulala pamoja, pigeni hesabu: kikomo ni watu 9 na vyombo 4 vya majini, na hakiongezeki kwa kuwa makundi ni mawili. Wanne na wanne wenye mitumbwi miwili miwili wanaenea. Watano na watano wamezidi, na kikomo hicho hufuatwa hata majini na kwenye njia za kubebea mitumbwi kutoka ziwa hadi ziwa. Kukiwa na radi, hata hivyo, mpishe mtu ashuke kwanza. Ya kulala yazungumzwe ikishapita.

Chakula cha wote, wa mgeni pia, kiingie kwenye pipa lisilofunguliwa na dubu, au kining'inizwe mita 3.7 kutoka ardhini na mita 1.8 kutoka shina la mti. Mfuko mmoja uliosahaulika ukimzoesha dubu kambi hiyo, atawarudia watakaolala hapo kesho.

Siku ya kuondoka, ondoka asubuhi. Mwagia jivu maji, likoroge, mwagia tena mpaka uweze kuliweka kiganjani. Takataka na matumbo ya samaki visitupwe chooni. Wanyama huyafuata na kufukua, na shimo hujaa kabla ya wakati.