Knossos na watoto: lipi ni jiwe la kale, lipi ni zege?

Katika magofu yote ya visiwa vya Ugiriki, Knossos, katika kisiwa cha Krete, ndipo mahali ninapowapendekezea kwanza wazazi wanaotaka kuwaonyesha watoto mambo ya kale, ingawa wenzangu wengi katika akiolojia ya majengo hukunja uso wakisikia hivyo. Sababu yao inajulikana: sehemu kubwa ya kinachomvutia mgeni pale, yaani nguzo nyekundu, ngazi za ghorofa na kuta zenye michoro, haikujengwa na Wakrete wa kale bali na mafundi wa Sir Arthur Evans, mwakiolojia Mwingereza, katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Mimi naona kasoro hiyohiyo ndiyo faida yake kwa mtoto. Gofu lisiloguswa humwonyesha mawe tu, naye hana la kubishana na mawe. Knossos humwonyesha madai ya mtu fulani kuhusu mawe hayo, na madai ya mtu yanaweza kupingwa hata na mtoto wa darasa la tatu.

Historia yenyewe haihitaji maelezo marefu. Knossos iko kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Heraklion. Watu walianza kuishi juu ya kilima kile takriban mwaka 7000 KK, kasri la kwanza likajengwa yapata mwaka 1900 KK, na lilipoharibiwa yapata mwaka 1700 KK likajengwa jingine juu yake, ambalo mabaki yake ndiyo tunayoyatembelea. Mwaka 1878 mfanyabiashara wa Heraklion aliyeitwa Minos Kalokairinos alichimba sehemu ya maghala na kukuta mitungi mikubwa, lakini akazuiwa kuendelea, kwa kuwa kisiwa kilikuwa bado chini ya Waosmani na wenyeji walihofia vitu hivyo vingepelekwa Istanbul. Evans alikamilisha kununua ardhi baada ya utawala huo kuondoka, akaanza kuchimba Machi 1900. Tatizo lililomkabili lilikuwa la kifundi kabla halijawa la kitaaluma: ghorofa za kasri zilishikiliwa na nguzo na boriti za mbao, mbao hizo zilikuwa zimeungua au kuoza, na udongo ndio uliokuwa ukizuia ngazi kuu isiporomoke. Kadiri wachimbaji walivyoondoa udongo, ndivyo walivyolazimika kuweka kitu kingine mahali pake. Walianza na mbao, zikaoza. Wakaja na vyuma. Kufikia miaka ya 1920 wakamwaga zege. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu Evans huwa nawaambia watoto kwamba bila zege ile ngazi kuu isingekuwapo leo. Lawama inaanza pale alipoendelea kujenga hata visivyohitaji kushikiliwa.

Kazi ya kwanza ninayowapa watoto ni kutafuta mstari ambapo ya kale inaishia na ya Evans inaanzia. Si kazi ngumu wakishajua dalili. Jiwe la kale lililotumika sana pale ni jasi, jiwe jeupe lenye kumetameta kidogo ambalo huyeyuka polepole likinyeshewa na mvua, ndiyo maana kingo za mawe mengi ya kale zimekuwa laini, zina vijishimo na mifereji midogo, na hazina pembe kali. Zege ina kingo zilizonyooka, mahali pengine ina madoa ya kutu pale chuma cha ndani kilipovimba na kuipasua, na mahali pengine imepakwa rangi ya kahawia ili ionekane kama boriti ya mti. Binti yangu alipotambua boriti moja ya namna hiyo aliuliza, "Mama, kwani huyo mzee alijuaje kwamba hapa palikuwa na mti?" Swali hilo ndilo somo zima la akiolojia, na jibu lake lipo palepale: kuna vitako vya mawe ambavyo nguzo zilisimama juu yake, kulikuwa na mabaki ya mbao zilizoungua, na kuna vipande vya michoro ya kale inayoonyesha nguzo zilizo nyembamba chini na pana juu. Baadhi ya alivyojenga Evans vina ushahidi kama huo, vingine vina ushahidi kidogo, na vingine ni ubunifu wake. Mtoto akizoea kuuliza "alijuaje?" kwenye kila ukuta, mzazi hana haja ya kujua majibu yote.

Mfano mzuri kuliko wote ni wa tumbili. Miongoni mwa michoro ya mwanzo kupatikana Knossos kulikuwa na vipande vya kiumbe mwenye rangi ya buluu aliyeinama kati ya maua ya zafarani. Kichwa hakikupatikana. Evans na mchoraji wake walijaza sehemu zilizokosekana wakapata mvulana anayechuma zafarani, na kwa miaka mingi picha hiyo ilichapishwa vitabuni hivyohivyo. Baadaye wataalamu, akiwemo Mgiriki Nikolaos Platon, walitazama tena vipande vya asili wakaona alama za mkia, wakakumbuka pia kwamba wachoraji wa Krete walikuwa na desturi ya kuwapaka tumbili rangi ya buluu. Mvulana akawa tumbili. Watoto wakisikia kisa hiki hucheka sana, kisha huanza kuutilia shaka kila mchoro, jambo ninalolitaka. Huwa nawapeleka moja kwa moja kwa "Mwana Mfalme wa Mayungiyungi", ambaye nakala yake iko Knossos: kiwiliwili, mguu na taji vilikuwa vipande vilivyotengana, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba havikuwa vya mtu mmoja. Hata tumbili wenyewe wana la kufundisha, kwani hawakuwa wanyama wa Krete. Mchoraji aliwajua kwa sababu meli zilisafiri kati ya kisiwa hicho na Misri na pwani za mashariki.

Baada ya michoro, maji. Watoto hawajali sana nani alikalia kiti cha enzi. Wanachotaka kujua ni choo kilikuwa wapi, na Knossos inawajibu vizuri kuliko magofu mengi ya baadaye. Katika mrengo wa mashariki kuna chumba kidogo ambacho Evans alikitambua kuwa choo, chenye mfereji unaopita chini ya sakafu. Mahali pengine kuna mabomba ya udongo wa kuchoma ambayo inafaa kuinama na kuyatazama kwa karibu: kila kipande ni kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, na ule mwembamba umechomekwa ndani ya ule mpana wa kipande kinachofuata. Maji yakifika penye wembamba huenda kasi na kusukuma matope, hivyo bomba halizibi upesi. Kando ya ngazi za nje upande wa mashariki kuna mfereji wa maji ya mvua uliochongwa kwa mikunjo, mkunjo baada ya mkunjo, badala ya kuteremka kwa mnyooko. Kila mkunjo unayapunguzia maji mwendo ili yasirukie kwenye ngazi, na njiani kuna vishimo vya kutuamia mchanga. Mtoto anayejua kuchora anaweza kukaa hapo muda mrefu na daftari. Nuru nayo walijua kuileta ndani: kati ya vyumba waliacha nafasi wazi zilizopanda hadi juu ya paa kuingiza mwanga na hewa, na aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya mawe ya Lamu atazielewa mara moja akikumbuka kile kiwanda, yaani ua wa ndani.

Chumba cha kiti cha enzi kina foleni, na kwa mtoto mdogo foleni hiyo haina thamani yake. Kiti ni cha jasi, kimeegemea ukuta, kimezungukwa na nakala za michoro ya wanyama wenye mwili wa simba na kichwa cha ndege. Kichungulieni, mwendelee.

Kuhusu Minotauro, yule kiumbe mwenye kichwa cha fahali, ushauri wangu ni kwamba hadithi isimuliwe usiku wa kuamkia ziara na si mlangoni pa kasri. Ni hadithi nzito: Mfalme Minos wa Krete anawatoza Waathene wavulana 7 na wasichana 7 waliwe na Minotauro, hadi Theseus, kijana wa Kiathene, anapoingia kwenye njia zilizotatanishwa na Daedalus, fundi wa mfalme, akamuua kiumbe yule na kutoka kwa kufuata uzi aliopewa na Ariadne, binti wa mfalme. Mtoto akiisikia kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya magofu, atatafuta pango la kiumbe huyo wala hataona kingine. Akiwa ameilalia, huja na maswali bora. Njia zilizotatanishwa hazijapatikana Knossos; kilichopatikana ni mamia ya vyumba vilivyopakana kuzunguka uwanja wa takriban mita 50 kwa 25, na fahali waliochorwa kila pembe. Katika jumba la makumbusho la Heraklion kuna mchoro maarufu ambao mtu mmoja ameshika pembe za fahali, mwingine yuko hewani juu ya mgongo wake na wa tatu yuko nyuma amenyoosha mikono. Karne nyingi baada ya kasri kuanguka, mji wa Knossos ulikuwa ukigonga sarafu zenye picha ya njia zile, kwa hiyo wenyeji wenyewe waliishikilia hadithi hiyo kuwa yao.

Makumbusho hayo ni bora yatembelewe siku nyingine. Huko mwonyesheni mtoto vibao vya udongo vyenye mwandiko wa Linear B, ambao Michael Ventris alifanikiwa kuusoma mwaka 1952 na kugundua kwamba lugha yake ni Kigiriki cha kale. Vibao havikuchomwa na waandishi. Moto ulioteketeza kasri ndio uliovikausha vikadumu. Watoto hutarajia habari za vita na wafalme, wanakuta hesabu za kondoo, sufu na mafuta, na ninapenda kuona nyuso zao wakati huo.

Ikiwa familia ina siku ya ziada, basi isiende kwenye kasri jingine, bali iende Gournia, mashariki mwa kisiwa, kando ya barabara itokayo Agios Nikolaos kwenda Sitia. Mji huo mdogo ulichimbwa kati ya 1901 na 1904 na Harriet Boyd, mwanamke Mmarekani aliyeongoza uchimbaji wakati ambapo wanawake wengi wa fani hiyo hawakupewa nafasi hiyo. Hakuna zege ya kuigiza, hakuna rangi, na wageni ni wachache. Kuna vichochoro vilivyotandikwa mawe, ngazi, vizingiti vya milango na kuta zinazofika kiunoni au kifuani mwa mtoto, kiasi kwamba yeye huona mji mzima bila kubebwa. Boyd alikuta vifaa vya kazi za mikono, zikiwemo misumeno na patasi, na vyombo vya nyumbani vingi sana. Mpeni mtoto kazi ya kuchagua nyumba moja na kueleza mlango ulikuwa wapi, ngazi ya darini ilipanda upande gani, na jirani alipita wapi. Wadogo hufanya kazi hiyo kwa bidii kuliko wanafunzi wangu wa chuo.

Mambo ya mwili yasisahauliwe. Julai na Agosti jua la Krete ni kali na kivuli ni haba, hasa Gournia, kwa hiyo fikeni geti linapofunguliwa na muwe mmeondoka kabla ya adhuhuri. Kofia, maji ya kutosha na viatu vyenye nyayo zinazoshika ni vya lazima, kwa kuwa mawe yaliyokanyagwa na maelfu ya wageni huteleza hata yakiwa makavu. Kupanda juu ya kuta hakuruhusiwi, na watoto waelezwe sababu ile ya jasi inayoyeyuka, maana katazo lenye sababu hufuatwa. Knossos ina tausi wanaozurura, nao huokoa ziara mtoto anapochoka.

Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, Gournia peke yake na hadithi ya Minotauro vinatosha. Knossos huanza kuleta faida mtoto akiweza kubishana. Kwa kijana anayejiona amekua mno kwa mambo haya, kuna Diski ya Phaistos katika makumbusho ya Heraklion, kibao cha udongo cha mviringo chenye upana wa sentimita 16 hivi, kilichopatikana mwaka 1908, chenye alama 45 tofauti zilizogongwa kwa mihuri pande zote mbili. Hadi leo hakuna usomaji wake ambao wataalamu wamekubaliana nao. Mpeni penseli, azinakili, na msimharakishe.